Pweza asiye pweza: Kiumbe wa mchangani na tatizo la ngeli

Mwezi jana mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi anafanya kazi na vikundi vya wavuvi huko Kwale, alinitumia ujumbe wa simu saa tatu za usiku. Alikuwa akiandaa bango la kusimamishwa karibu na mahali wavuvi wanapopakulia samaki, la kueleza mchanga mweupe wa pwani yetu unatoka wapi. Sehemu ya mchanga huo, aliandika, ni maganda ya viumbe wadogo mno wa baharini waitwao foraminifera. Swali lake lilikuwa fupi: "Prof, niandike foraminifera hizi ama foraminifera hawa?"

Nilimwambia nitamjibu kesho yake. Kesho hiyo ikawa wiki mbili, kwa sababu nilipoanza kusoma habari za viumbe hawa niligundua kwamba wataalamu wa elimu ya viumbe walikwisha kugombana juu ya swali hilo hilo kabla ya sisi watu wa sarufi kulifikia, na waliteleza mahali pale pale tunapoteleza sisi.

Kwanza tumjue mwenyewe. Foraminifera ni kiumbe wa seli moja. Hana ubongo, hana jicho, hana mdomo wala tumbo. Hata hivyo hujijengea nyumba. Wengi huijenga kwa chokaa wanayoitoa katika maji ya bahari, na wengine huokota chembe za mchanga na kuzigandisha pamoja. Huanza na chumba kimoja. Akikua huongeza kingine, na kingine, hadi ganda likawa na vyumba vingi vilivyopangwa kwa mzunguko, kwa mstari au kwa zamu kama msuko wa nywele. Wengi hawafiki milimita moja. Kupitia matundu ya ganda hutoa nyuzi laini zinazonata, na kwa nyuzi hizo hunasa chakula na kujikokota. Akifa, ganda hubaki.

Msomaji aliyepitia shule zetu akisikia neno "ngeli" atakumbuka A-WA, KI-VI na viboko vya mwalimu. Lakini neno hilo lina makao ya pili. Istilahi za biolojia ziliposanifiwa kwa Kiswahili, ngeli ilipewa pia kazi ya kutaja daraja mojawapo la uainishaji wa viumbe, juu ya oda, familia, jenasi na spishi. Pweza na ngisi wako katika ngeli moja. Ndege wote wako katika ngeli yao. Sijui kama waliolichagua neno hilo walitabasamu, lakini walilenga shabaha. Kazi ni ile ile: una rundo la vitu mbele yako, na ni lazima uamue kipi kikae na kipi, na kwa kigezo gani.

Rundo hili lilianza kutazamwa zamani. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, aliandika kuhusu vijiwe vilivyozagaa karibu na piramidi za Misri vyenye umbo la kamande. Watu walisema eti ni mabaki ya chakula cha wajenzi yaliyogeuka mawe. Kumbe yalikuwa maganda ya foraminifera wakubwa wa zamani, wale ambao leo huitwa Nummulites, waliojaa katika mawe ya chokaa yaliyojengea piramidi hizo. Mwaka wa 1665 Mwingereza Robert Hooke alitia mchanga chini ya hadubini, akakuta ganda dogo lililojikunja kama la konokono, akalichora. Mwaka wa 1731 Jacopo Bartolomeo Beccari wa Bologna akaeleza maganda ya aina hiyo katika mchanga wa Italia. Miaka minane baadaye, daktari Giovanni Bianchi wa Rimini, aliyejiita Janus Plancus kwa Kilatini, akachapisha kitabu kuhusu makombe yasiyojulikana sana, mengi akiwa ameyaokota katika ufuo wa mji wake.

Alipokuja Linnaeus mwaka wa 1758 na toleo la kumi la kitabu chake cha kupanga viumbe, ilimbidi awape nafasi. Aliona ganda lenye vyumba, lililojikunja. Je, ni nani mwingine baharini mwenye ganda la namna hiyo? Ni nautilo, jamaa ya pweza na ngisi, anayekaa ndani ya kombe lililogawanywa vyumba. Basi Linnaeus akawatia humo. Yule wa Beccari akaitwa Nautilus beccarii. Kiumbe wa kutoshea juu ya punje ya mchanga akawa ndugu wa mnyama wa kujaa mkononi.

Aliyelifanya kosa hili likawa mfumo alikuwa Mfaransa Alcide d'Orbigny. Baba yake alikuwa daktari aliyependa sana viumbe wa bahari, na kijana alikulia pwani ya magharibi ya Ufaransa, karibu na La Rochelle, akiuchungulia mchanga. Ninamheshimu mtu huyu. Kati ya mwaka wa 1823 na 1826 alichonga mifano ya maganda haya ikiwa imekuzwa mara nyingi, akaifyatua kwa plasta na kuitoa kwa mafungu, mifano 100 kwa jumla, ili watu wasio na hadubini nzuri washike mkononi kitu ambacho jicho halikioni. Mwaka wa 1826, akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, alichapisha jedwali lake kubwa. Aliligawa kundi lote katika familia tano kwa kufuata jinsi vyumba vinavyopangwa: kwa mstari mmoja, kwa kupishana, kwa kujikunja, na kadhalika. Kazi safi.

Hata hivyo jedwali hilo lilikuwa jedwali la ngeli ya pweza. D'Orbigny aliamini kwamba ndani ya kila ganda aliishi pweza mdogo sana, mwenye minyiri yake. Ila aliona tofauti moja. Ganda la nautilo lina mrija unaopita katika vyumba vyote. Maganda haya hayana mrija, bali tundu kati ya chumba na chumba. Kwa Kilatini tundu ni "foramen". Wale wenye mrija akawaweka oda moja, na hawa wenye matundu akawapa oda yao: Foraminifera, wabeba matundu. Jina, kwa hiyo, lilizaliwa kama jina la tawi la ukoo wa pweza. Halikukusudiwa kutaja kitu kingine chochote.

Kisha d'Orbigny akasafiri kwenda Amerika Kusini, akakaa huko miaka. Hakuwa amerudi vizuri alipotokea Mfaransa mwingine, Félix Dujardin, mwaka wa 1835. Dujardin hakuleta maganda mapya. Alifanya jambo ambalo ukilisimulia linaonekana dogo: aliwatazama wakiwa hai. Aliwatia katika maji ya bahari, akasubiri, akaona kinachotoka ndani. Haikutoka minyiri. Zilitoka nyuzi za ute zilizotanda, zikaungana, zikagawanyika, zikarudi ndani na kuyeyuka kama hazikuwahi kuwapo. Hapakuwa na kichwa, wala kiungo. Pweza hakuwepo. Dujardin akasema hawa ni viumbe sahili kabisa, akawaita kwa jina lenye maana ya miguu-mizizi. D'Orbigny naye, tumpe haki yake, hakushupaa. Kufikia mwaka wa 1839, katika kazi yake juu ya foraminifera wa Cuba, alikuwa amewatoa kwa pweza na kuwafanya ngeli yao wenyewe.

Hebu sasa tuwarudie akina kiboko.

Sarufi za kale za Kiswahili ziligawa nomino kwa viambishi vya mwanzo. Wilhelm Bleek katika karne ya 19 alikuwa amezipa ngeli za lugha za Kibantu nambari, Carl Meinhof akaiendeleza kazi hiyo, na vizazi vya walimu vikafuata mkondo huo: tazama mwanzo wa neno, utajua kwao. Kwa kigezo hicho kiboko, kifaru, kipepeo na kiziwi hukaa nyumba moja na kiti na kikombe. Ganda lao ni KI-VI. Lakini watie katika sentensi, yaani watie majini, uone watakavyotembea: kiboko mkubwa amelala, vipepeo wazuri wameruka. Hakuna Mswahili anayesema kiboko kikubwa kimelala akimaanisha mnyama. Akisema hivyo ujue anazungumzia mjeledi. Ndiyo sababu shule zetu ziliacha kuanza na kiambishi zikaanza na upatanisho. Linnaeus na d'Orbigny walisoma kiambishi. Dujardin alisoma upatanisho. Sina njia nyingine ya kulieleza jambo hili kwa watu wa fani yangu.

Utauliza: baada ya kosa kugunduliwa, mbona jina halikubadilishwa? Kwa sababu majina ya kisayansi yana sheria zake, na sheria hizo hazijali sana kama jina linasema kweli. Zinajali lipi lilitangulia. Wataalamu wa foraminifera hufuata sheria za majina ya wanyama, ingawa kiumbe wao si mnyama, na mwanzo wa hesabu ni ule mwaka wa 1758 wa Linnaeus. Nautilus beccarii alihamishwa jenasi, leo anaitwa Ammonia beccarii. Lakini beccarii limebaki, na heshima ya mzee wa Bologna imebaki nalo. Jenasi hiyo nayo imebeba kosa la Plancus, aliyewafananisha na pembe za Amoni, yale makombe ya mawe yaliyojikunja kama pembe za kondoo dume.

Majina ya aina hii hayahitaji kutoka Kilatini wala Kigiriki. Hapa kwetu tunao ushahidi. Mwaka wa 2019 watafiti Matthew Borths na Nancy Stevens walitangaza mnyama mla nyama wa kale, mkubwa kupita simba, ambaye mifupa yake ilichimbuliwa Meswa Bridge magharibi mwa Kenya na kukaa miaka mingi katika makumbusho ya Nairobi. Walimwita Simbakubwa kutokaafrika. Niliposoma habari hiyo nilifurahi, halafu nikashika kalamu nyekundu. Simba kubwa? Simba ni mnyama. Angekuwa simba mkubwa. Na juu ya hayo, mnyama mwenyewe hakuwa simba hata kidogo, alikuwa wa kundi jingine lililokwisha kutoweka. Kwa hiyo tunalo jina la Kiswahili lenye makosa mawili ya ngeli, moja la sarufi na moja la biolojia, na kwa sheria ya majina litadumu vivyo hivyo. Nilikasirika kidogo. Siku hizi nalipenda.

Foraminifera wa pwani ya Waswahili nao waliandikwa. Mwaka wa 1914 na 1915, Edward Heron-Allen na Arthur Earland walichapisha mjini London kazi ndefu kuhusu foraminifera wa visiwa vya Kerimba, kaskazini mwa Msumbiji, ambako watu husema Kimwani, lugha ndugu ya Kiswahili. Heron-Allen alikuwa mtu wa ajabu: mwanasheria, mwandishi wa kitabu cha kuunda fidla, na mfasiri wa mashairi ya Kiajemi ya Omar Khayyam. Mtu wa lugha, kwa neno moja. Mchanga wa Kerimba ulisafiri hadi kwake, na majina yakatoka London.

Kufikia miaka ya 1920 majina haya yalikuwa na bei. Joseph Cushman wa Marekani, aliyejenga maabara yake mwenyewe mwaka wa 1923 katika mji wa Sharon, Massachusetts, alikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba ukitambua foraminifera aliyetoka katika kisima cha kuchimba mafuta unaweza kujua umri wa mwamba uliofikia. Spishi huzuka na kutoweka. Ganda likawa kalenda. Ukikosea jina umekosea umri, na ukikosea umri umechimba mahali pasipo kitu. Katika kalenda hiyo Tanganyika ina kurasa zake: mwaka wa 1962 Banner na Blow walieleza spishi mpya kadhaa kutoka miamba ya Lindi.

Na hapo ndipo majina yetu yalipoingia rasmi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 wanajiolojia wa Tanzania na Uingereza walirudi pwani hiyo ya kusini, wakachoronga ardhi. Udongo wa mfinyanzi wa huko umehifadhi maganda vizuri ajabu. Baada ya miaka milioni 30, milioni 40 na zaidi, bado yanapitisha mwanga kama kioo. Oksijeni iliyomo ndani ya ganda hueleza joto la maji lilipojengwa, na kwa maganda ya Tanzania Paul Pearson na wenzake walionyesha mwaka wa 2001 kwamba bahari za tropiki za wakati huo zilikuwa na joto kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka wa 2006 tabaka hizo za miamba zilipewa majina: Kundi la Kilwa, lenye sehemu nne, Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Aliyewahi kupanda basi la Lindi anajua Nangurukuru ni njia panda ya kuchepukia Kilwa. Sasa profesa wa Tokyo au Zürich akitaka kueleza yaliyozipata bahari za dunia miaka milioni 34 iliyopita, walipotoweka foraminifera wenye miiba waitwao Hantkenina, hana budi kutamka Pande.

Kigezo nacho kiliendelea kuhama. Kuanzia miaka ya 1990 wataalamu wa jeni waliingia, akiwemo Jan Pawlowski huko Geneva. Mwaka wa 1999 yeye na wenzake walitangaza kwamba Reticulomyxa, kiumbe wa maji baridi asiye na ganda lolote, ni foraminifera. Hana ganda, hana vyumba, hana tundu, na baharini hayupo. Lakini ukoo ni huo. Kwa upande mwingine, maganda yaliyokuwa yakitiwa sote chini ya jina la Ammonia beccarii, yule yule wa Linnaeus, yalionekana kwa jeni kuwa ya spishi nyingi. Waliofanana kwa ganda wakatengana, wasiofanana wakakutana.

Je, hizi ama hawa? Niliyasoma yote hayo nikiwa na jambo linaloniuma. Miaka mingi iliyopita nilisahihisha tasnifu ya mtahiniwa mmoja aliyeandika "virusi hawa". Nilikata kila "hawa" kwa wino mwekundu, ukurasa baada ya ukurasa, nikaandika "hivi", na pembeni nikaongeza maneno ambayo mwalimu hapaswi kumwandikia mwanafunzi. Hoja yangu ilikuwa kiambishi: vi-. Yaani nilikuwa d'Orbigny, tena bila zile plasta.

Lakini hata "hawa" halijitetei lenyewe. Mti una uhai, nasi twasema mti umekauka. Matumbawe ni wanyama kamili, wana midomo na wanawinda, ila sijasikia mvuvi akisema matumbawe hawa. Aliyajua kama jiwe la kujengea na mwamba wa kukwepa kwa mashua, akayapatanisha hivyo, na lugha ikamfuata. Kumbe kinachotupeleka A-WA si uhai peke yake, bali ni uhai unaoonekana ukitenda. Foraminifera hatujawahi kumwona akitenda. Ndio utata wenyewe.

Basi nilimwandikia mwanafunzi wangu hivi: neno foraminifera liache lilivyo, maana silabi zake zote zinakaa sawa kwa Kiswahili na halihitaji kukarabatiwa. Usitafsiri "wabeba matundu", usije ukawafunza watu kosa la mwaka wa 1826. Ukitaja kiumbe, sema foraminifera huyu, foraminifera hawa. Ukitaja kilichobaki mchangani, sema ganda hili, maganda haya. Na kama unaweza, wavuvi wawaone wakiwa hai kwanza.

Aliweza. Aling'oa majani machache ya nyasi za baharini yaliyobandikwa vijisahani vyeupe, foraminifera wa aina kubwa hao, wa milimita chache, akayatikisa ndani ya bakuli la kioo lenye maji ya bahari na kuliweka kivulini. Mzee mmoja wa hapo akachungulia, akasema hayo ni makombe tu, mbona yanamwagiwa maji. Wakaenda kunywa chai. Hawa viumbe huenda polepole mno, kwa hiyo chai ilikuwa ndefu, na mazungumzo yakahamia bei ya pweza. Waliporudi, baadhi ya vijisahani vilikuwa vimeacha sakafu ya bakuli na kubandika kwenye ukuta wa kioo. Mzee akainama, akahesabu kwa kidole.

"Kumbe wanapanda," akasema.

Bango limekwisha kuchapishwa.